Mkono wa Mugwe

Vijana wetu wanapenda riwaya za mtoto anayegundua ukoo wake una nguvu za ajabu. Meru kuna kisa kama hicho, nacho kinaanzia kwetu. Masimulizi ya Wameru yasema wazee wao walikuwa watumwa wa Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu, kisiwani Mbwaa. Wakatoroka, kiongozi wao akapiga maji kwa fimbo, bahari ikagawanyika. Mtafiti Jeffrey Fadiman aliihusisha Mbwaa na Manda, Lamu.

Huko bara walikuwa na Mugwe, mwenye kubariki, aliyeuficha mkono wake wa kushoto watu wasiuone.

Mimi ningeisoma kwa kicheko riwaya ya mjukuu wa Mugwe anayeshuka Manda kutafuta asili. Ila atatuuliza: wenye nguo nyekundu walikuwa nani?