Mdogo Wako Anaomba Programu ya Wahitimu Benki? Jua Inavyokwenda Kabla Hujatuma Hela

Umemsomesha mdogo wako miaka mitatu kwa riyali za Muscat au dirhamu za Dubai. Sasa ana shahada ya biashara, na siku moja anakutumia ujumbe wa sauti: "Dada, kuna benki kubwa ya kimataifa inachukua wahitimu." Palepale kichwa kinaanza kupiga hesabu. Atahitaji shilingi ngapi? Ataanza kulipwa lini? Na je, ni lazima kuna mtu "aonwe" ndipo apate?

Sisi wahasibu tuliopita kwenye programu za namna hiyo tunaulizwa maswali haya kila maombi yanapofunguliwa. Tuyajibu moja moja, maana hapa ndipo akiba ya watu wengi inapoponyoka.

Programu yenyewe ni nini

Ni kazi ya kujifunza kazi. Benki inachukua vijana waliomaliza chuo karibuni na kuwazungusha kwenye idara zake kwa mwaka mmoja hadi miwili hivi: tawini, kwenye mikopo, kwenye udhibiti wa vihatarishi, na kwenye hazina wanakonunua na kuuza fedha za kigeni. Isichanganywe na fildi ya chuoni, au atachimenti kama wanavyosema Wakenya. Kijana anasaini mkataba na analipwa mshahara tangu mwezi wa kwanza.

Nchi zetu zina benki za kimataifa kadhaa, kama Citi, Stanbic na Absa (ile iliyokuwa Barclays hadi 2020). Kila benki ina masharti yake, lakini mara nyingi wanataka angalau daraja la pili la juu, ambalo kwa vyuo vikuu vya Tanzania ni GPA ya 3.5 kwenda juu. Si lazima awe amesoma uhasibu. Tulikaa darasa moja na watu wa sheria, takwimu na kompyuta.

Mlango unafunguliwaje

Kwanza anajaza fomu kwenye tovuti ya benki yenyewe. Halafu unakuja mtihani wa hesabu na wa kusoma na kuelewa, unaofanywa kwa kompyuta kwa dakika chache zilizopimwa. Wengi wanaishia hapa. Si kwamba hawajui, ila hawajazoea kasi. Mazoezi yake yako mengi intaneti, na ya bure yapo.

Akipita, anaweza kuulizwa maswali kwa video, kisha anaitwa siku nzima ya usaili. Pale wanapewa tatizo la biashara walijadili kwa kikundi huku wakaguzi wanaandika. Wanamtazama anayesikiliza wenzake na anayeongea kwa hoja. Mwisho ni kukaa mbele ya mameneja.

Baada ya hapo benki inachunguza: vyeti vinaulizwa chuoni, na taarifa za mikopo zinaangaliwa. Kijana mwenye vimkopo vya simu alivyoviacha bila kulipa anaweza kukwama hapa. Mwambie avimalize kabla hajaomba.

Hela ya kutuma na hela ya kukataa

Hela ya kutuma ni ndogo na ina majina: bando la intaneti, nauli ya kwenda kwenye usaili, nguo mbili za ofisini na viatu. Akiweza, na ada ya mitihani ya uhasibu ya NBAA kwa Tanzania au KASNEB kwa Kenya, maana hiyo itamfaa hata benki ikimkataa.

Hela ya kukataa ni hii: "Kuna mtu yuko ndani, anataka riyali 300 atupitishie jina." Mfanyakazi wa ndani anayelipwa riyali 90 atakuwa ametoa zaidi ya miezi mitatu ya jasho lake. Benki hizi hazitozi pesa ya fomu, ya usaili, ya vipimo wala ya sare. Mitihani inasahihishwa na kompyuta na usaili una watu kadhaa mezani, kwa hiyo huyo "mtu wa ndani" anauza kitu ambacho hana. Kijana akipita kwa uwezo wake, tapeli atasema ni kazi yake. Asipopita, simu haitapokelewa tena.

Barua ya kazi ikija, tazama anwani ya barua pepe iliyoituma. Inatakiwa iishie na jina la tovuti ya benki. Ikitoka kwenye anwani ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua, usitume hata senti. Kijana apige simu makao makuu kwa namba iliyo kwenye tovuti, asitumie ile iliyo kwenye barua.

Ndani kukoje

Wiki za kwanza ni darasa: kumtambua mteja, kutunza siri zake, kuzuia utakatishaji wa fedha. Kisha unapelekwa tawini. Ukikaa dirishani na jioni fedha hazilingani na vitabu, hamwondoki mpaka tofauti ijulikane. Unajifunza pia kwamba anayeingiza malipo siye anayeyaidhinisha. Lazima macho ya mtu wa pili yapite.

Kwenye dawati la fedha zinazotoka nje tulielewa kwa nini pesa ya mtu aliyeko Doha inaweza kukaa siku mbili mama hajaiona. Mara jina alilotuma halilingani na la kwenye akaunti, mara tarakimu moja imekosewa, mara hakuna maelezo ya pesa ni ya nini. Mtumaji anadhani benki inamchezea, kumbe karani anasubiri jibu.

Kila ukimaliza idara, msimamizi anakupa alama. Mwisho wa programu wanapangwa kulingana na alama na nafasi zilizopo, hata mkoa wa mbali. Mwambie asome kwenye mkataba nini kinafuata programu ikiisha, kwa sababu si kila benki inaahidi ajira ya kudumu.

Na wewe uliye huku, jambo moja tafadhali. Usimwombe apitishe pesa za rafiki zako kwenye akaunti yake, wala akuchungulie salio la mtu. Kwako ni msaada mdogo wa ndugu, lakini kwa mfanyakazi wa benki ni kosa linaloweza kumfukuzisha.

Mshahara wa kwanza haufiki wote

Tuchukue namba rahisi: mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 Tanzania Bara. NSSF inakata asilimia 10, yaani 100,000. Kodi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 103,000. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Mkononi zinabaki 647,000, na humo kuna kodi ya chumba na nauli. Kwa hiyo nyumbani wasianze kumhesabia milioni.

Hata hivyo zinatosha kuishi, na hapo ndipo zamu yako inapofika. Wengi wetu tunajua dada au kaka aliyeendelea kutuma miaka miwili baada ya mdogo wake kupata kazi, kwa kuona haya tu kulisema. Kubalianeni kabla hajaanza. Kwa mfano, kama ulikuwa unamtumia riyali 30 kwa mwezi, mwezi wa kwanza mtumie 30, kwa sababu mshahara unakuja mwisho wa mwezi. Wa pili na wa tatu mtumie 15. Wa nne acha. Kwa mwaka utakuwa umetuma 60 badala ya 360.

Zinazobaki ni riyali 300, sawasawa na zile alizozitaka tapeli. Zisirudi kwenye matumizi. Siku ileile uliyozoea kumtumia, ziweke kwenye akaunti yenye jina lako wewe, maana mkataba wako huko uliko una mwisho, na siku ya kurudi nyumbani utahitaji pa kuanzia.