SUMAKU TUNAYOIOGOPA NA SUMAKU TUNAYOINUNUA

  Kama hu buheri wa afya, basi soma makala haya kwa makini zaidi, kwa maana yanakuhusu wewe kama yalivyomhusu nyanya yangu.

Nyanya anaishi nasi Kangemi. Nyuma ya ploti yetu hupita waya kubwa za stima, zile zinazobebwa na milingoti mirefu. Siku za mvua huvuma kama nyuki. Majirani husema ati sumaku ya zile waya huingia mwilini na kuleta kansa. Mwaka jana nyanya aliposikia hayo, alitufanya tuhamishe kitanda chake hadi chumba cha upande wa barabara.

Mwezi uo huo miguu ilimwuma sana. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nisindikize mjini, kuna mashine inapima mwili wote." Tukapanda matatu, tukateremka Odeon, tukapanda ngazi za jumba moja upande wa River Road. Humo walikuwa wakipima watu kwa mashine iliyosemekana kusoma "sumaku ya seli". Ajabu ya Musa! Sumaku ya nyumbani aliikimbia, ya mjini akailipia shilingi 500.

Jambo hilo lilinikera. Nikamsumbua mwalimu wetu wa Fizikia kwa maswali hadi akaniambia niyaandikie jarida la chama. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sumaku ya waya ni nini?

Mwaka wa 1820, Hans Christian Oersted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Tangu hapo tunajua kwamba penye mkondo wa umeme pana uga wa sumaku. Stima yetu hapa Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na uga wake hugeuka pamoja nayo. Mara 50 ni chache mno ukilinganisha na mawimbi ya simu, yanayokwenda mamia ya mamilioni ya mara. Ndiyo sababu uga wa stima huitwa wa masafa ya chini.

Siku moja niliazima dira ya maabara nikasimama nayo chini ya zile waya. Sindano haikutikisika hata kidogo! Nilidhani nimeiharibu. Mwalimu akacheka, akasema sindano ni nzito. Kabla haijaanza kwenda kulia, uga umeshaivuta kushoto.

Uga hupimwa kwa mikrotesla. Dunia yenyewe ni sumaku, na hapa Nairobi uga wake ni kama mikrotesla 33, ila huo haugeukigeuki. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba chini kabisa ya waya kubwa, uga wa stima unaweza kufika mikrotesla 20. Sasa tazama draya ya saluni. Ikiwa sentimita 3 kutoka kichwani, yaweza kutoa mikrotesla 6 hadi 2,000. Isogeze hadi sentimita 30, nayo haizidi 7. Ukuta wa mawe hauzuii uga huu, wala mabati ya kawaida. Dawa yake ni umbali. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Je, seli hufanywa nini?

Uga unaogeukageuka ukipita mwilini huamsha mikondo midogo ya umeme. Mwili nao una umeme wake: moyo hupiga kwa umeme, na neva hupeleka habari kwa umeme. Kwa hivyo uga ukiwa mkali sana, neva na misuli hushtuka. Mwaka wa 1896 Mfaransa Arsène d'Arsonval aliandika kwamba mtu akitia kichwa ndani ya koili yenye nguvu, huona vimulimuli machoni. Ili kutukinga na mambo kama hayo, mwaka wa 2010 tume ya kimataifa ya kinga ilipendekeza raia asipite mikrotesla 200. Zile 20 za chini ya waya ni sehemu moja ya kumi.

Na kansa je? Eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe za urithi zilizo ndani ya seli. Uga wa stima hauna nguvu hiyo. Eksirei ni kama panga linalokata kamba ya nguo, uga wa stima ni kama upepo unaoitikisa tu.

Hata hivyo, tusiwacheke majirani. Mwaka wa 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper waliandika kwamba katika mji wa Denver, Marekani, watoto waliokufa kwa kansa walipatikana zaidi katika nyumba zilizo karibu na waya za mikondo mikubwa. Mwaka wa 2000 wataalamu walikusanya takwimu za nchi mbalimbali. Waliona kwamba watoto wanaoishi penye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.4, mchana na usiku, walipata saratani ya damu karibu mara mbili ya wengine. Lakini watoto hao walikuwa wachache sana, na saratani yenyewe ni nadra.

Basi mwaka wa 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likauweka uga huu katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta kansa. Katika kundi hilo pia mna dondoo la jani zima la mshubiri. Tumbaku na pombe zimo katika kundi la "hakika". Maabarani nako, wengine waliona seli zikibadilika ndani ya uga, wengine wakarudia jaribio lilo hilo wasione kitu. Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema ushahidi hautoshi kusema kwamba sumaku ndiyo chanzo, ila utafiti uendelee na hatua zisizo na gharama kubwa zichukuliwe. Kuhamisha kitanda hakukutugharimu hata senti. Nyanya hakukosea!

Ila jambo lisilo na "huenda" ni stima yenyewe. Waya ukikatika, au mtu akijiunganishia umeme kiholela, hakungojwi miaka. Ni papo hapo.

Turudi mjini

Kule ghorofani walimwuliza nyanya umri, urefu na uzani, wakaviandika kwenye kompyuta. Akashika kijiti cha chuma kwa dakika moja. Karatasi ikatoka: ini limechoka, mifupa imechakaa, sukari iko sawa. Akauziwa dawa za shilingi 6,000. Kisha mhudumu akanipima mimi bure, lakini akasahau kubadilisha maelezo ya nyanya. Karatasi yangu, mimi mvulana wa miaka 16, ilisema hedhi yangu imekoma! Kumbe mashine haikusoma seli zetu. Ilisoma kilichoandikwa.

Si kwamba sumaku haina kazi hospitalini. Tangu 1979 Marekani imeruhusu koili za sumaku za kusaidia mifupa iliyokataa kuunga, na mgonjwa huzivaa saa kadhaa kila siku kwa miezi. Mashine nyingi za MRI zina uga wa tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 40,000 ya ule wa dunia hapa Nairobi. Hata hivyo hutoa picha tu, na daktari ndiye huisoma. Haipimi sukari. Kijiti cha chuma kitawezaje?

Nyanya alimeza zile dawa miezi miwili. Kidonda kikatokea mguuni, kikakataa kupona. Ndipo mama akampeleka hospitali ya serikali. Wakamchoma kidole, tone moja la damu, na sukari ikapatikana ni 19. Daktari alisema tungekawia zaidi, mguu ungekatwa.

Kwa hivyo, msomaji, ukisikia neno sumaku, liwe la kukutisha au la kukuuzia, uliza maswali mawili: ina nguvu kiasi gani, na iko umbali gani? Asiyeweza kukujibu, usimpe pesa zako.

Nyanya anaendelea vyema. Kitanda chake bado kiko upande wa barabara. Siku za kliniki mimi humsindikiza hadi langoni, kisha natimua mbio nisikose gwaride la asubuhi.