Kabla Hujafunga Moduli kwenye Beetle

Kifaa cha kuondoa pointi kwenye distribyuta ya Volkswagen Beetle na kuweka moto wa kielektroniki, yaani moduli, huja na nyaya mbili tu. Mwekundu unakwenda kwenye namba 15 ya koili, mweusi kwenye namba 1. Kazi inaonekana ndogo, na kwa sababu hiyo wengi huifanya mbiombio, kisha moduli ikiungua wanalaumu duka. Mara nyingi gari lilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi ambao pointi ziliuvumilia. Moduli haivumilii.

Pointi ni swichi. Kila zinapoachana, umeme wa koili hukatika ghafla, na koili hutema maelfu ya volti kwenda kwenye rota na plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, swichi hiyo hufunguka mara 100 kila sekunde. Nyuso zake huungua, kile kisigino kinachosuguana na kemu huliwa, pengo la milimita 0.4 linapungua na moto unachelewa. Kwenye moduli hakuna kinachogusana: pete yenye sumaku nne huvikwa kwenye shafti chini ya rota, kihisi kinaitambua kila sumaku ikipita, na transista inakata umeme. Ila transista ina adui mmoja mkubwa, nalo ni joto.

Kwa hiyo anza na koili. Vua nyaya zake, weka mita kwenye omu, pima kati ya 15 na 1. Koili ya kawaida ya Beetle ya volti 12 husoma kama omu 3, yaani ampea 4 hivi. Ukikuta omu 1.5, kuna aliyefunga koili ya gari lingine, ile ya kutumiwa pamoja na rezista. Ampea zitakuwa maradufu, na moduli nyingi za silinda nne hazihimili. Hakikisha pia gari lenyewe ni la volti 12, maana Beetle za miaka ya nyuma zilitoka kiwandani na volti 6.

Sasa pima umeme unaoifikia koili, na hapa usikimbie. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, injini nyuma kabisa, lakini swichi ya funguo iko mbele kwenye usukani. Umeme wa koili husafiri mpaka mbele, ukapita kwenye swichi yenye umri wa miaka hamsini na viungio vilivyoota kutu, ndipo urudi nyuma. Pima kabla hujavua pointi. Zungusha injini kwa mkono mpaka pointi zifunge, washa funguo, kisha pima kati ya namba 15 na hasi ya betri. Ukipima pointi zikiwa wazi, koili haivuti umeme, na mita itakuonyesha volti nzuri za uongo. Kama betri ina 12.4 na koili inapata 10.5, usifunge moduli. Safisha viungio, au weka relei karibu na injini: waya wa zamani uwe wa kuiamsha tu, na umeme wa koili utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi.

Upande wa hasi husahaulika zaidi. Moduli hupata hasi kupitia bamba lililofungiwa ndani ya distribyuta. Grisi kavu na kutu vikiwa chini ya bamba hilo, injini itakatakata bila mpangilio, na utabadilisha plagi na kabureta bure. Likwangue liwe jeupe, kaza skrubu.

Baada ya hapo funga. Kondensa iliyo ubavuni mwa distribyuta haina kazi tena, iondoe pamoja na waya wake wa kijani. Rudia kuangalia mwekundu na mweusi kabla ya kugusa funguo, kwani kuzipishanisha kunaweza kuua moduli papo hapo. Tumia nyaya za plagi zenye ukinzani. Halafu weka taiming upya kwa taa, kwa sababu sumaku hazikati umeme mahali pale pale pointi zilipokuwa zikiukata. Distribyuta ya Bosch 009 hupimwa injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, kati ya nyuzi 28 na 32 kabla pistoni haijafika juu.

Usiache funguo imewashwa huku injini imezimwa, hata kama unasikiliza redio tu, kwani koili na moduli hupikika kimyakimya.

Pointi za zamani zisitupwe. Beetle ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 ikitumia pointi, na zikiharibika porini hurekebishwa kwa msasa na bisibisi. Moduli ikifa imekufa. Ziweke kwenye buti pamoja na kondensa na ile skrubu yake ndogo, ambayo kuipata dukani ni kazi.