Je, Wajua? Neno la Kiingereza "nice" Liliwahi Kumaanisha Mpumbavu

Neno "nice", ambalo leo katika Kiingereza humsifu mtu mwema, chakula kitamu au siku njema, asili yake ni neno la Kilatini nescius, lililoundwa kwa kiambishi cha ukanushi ne- na kitenzi scire, yaani kujua, hivyo aliyeitwa nescius alikuwa mtu asiyejua. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa scientia, yaani maarifa, ambalo ni chimbuko la neno la Kiingereza la sayansi.

Kutoka Kilatini neno hilo lilipitia Kifaransa cha Kale, ambamo lilimaanisha mpumbavu, na kufikia mwaka 1300 hivi lilikuwa limeingia katika Kiingereza kwa maana hiyohiyo. Baadaye lilitumika kwa mtu mwenye haya, kisha kwa mtu mchaguzi asiyeridhika upesi, na katika karne ya 16 likahusu pia jambo linalohitaji umakini mkubwa.

Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18, nayo ikazoeleka mno hata Jane Austen, katika riwaya yake Northanger Abbey iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 1817, akamfanya mhusika Henry Tilney amtanie mhusika mwenzake Catherine kwa sababu ya kulitumia neno hilo ovyo. Wanaisimu huliita badiliko hili uboreshaji wa maana, yaani hali ya neno lenye maana mbaya kupata maana njema kadiri wasemaji wanavyolitumia, nalo linathibitisha kwamba maana ya neno huamuliwa na matumizi kuliko asili yake.