Sola ya nyumbani hununuliwa kwa daftari, futi na mizani

TANGU mwaka 2017, Warundi zaidi ya laki moja wamerejea nyumbani kutoka kambi za mkoani Kigoma, Tanzania. Wengi wamejenga vilimani, mbali na nyaya za Regideso. Ndiyo maana kila siku ya soko huko Mugina na Kobero utamkuta mtu amebeba paneli kichwani na betri mkononi, anarudi kwake na matumaini.

Jua letu halina kasoro. Kule Mubuga, karibu na Gitega, kituo cha jua cha megawati 7.5 kilizinduliwa mwaka 2021. Tatizo liko sokoni. Jirani yangu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alitumia fedha alizopewa za kuanzia maisha kununua paneli iliyoandikwa wati 100 pamoja na betri yake. Mwezi wa tatu betri ikafa, watoto wakarudi kwenye kibatari. Sisi tuliosomea kambini Mtabila, kambi iliyofungwa mwaka 2012, tunajua vizuri moshi wa kibatari unavyouma macho ya mwanafunzi.

Ndugu msomaji, huhitaji kuwa fundi ili usipatwe na hayo. Vifaa vitatu vinatosha, na kila mfanyabiashara anavyo: daftari, futi ya kupimia na mizani.

Tuanze na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kitu utakachowasha, wati zake na saa zake, kisha zidisha. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 hula wati-saa 100. Simu tatu, 30 hivi. Redio ya wati 5 kwa saa 6, 30. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 3, 90. Jumla ni wati-saa 250 kwa siku. Sasa ongeza pasi ya wati 1000 kwa nusu saa: peke yake inakula 500, mara mbili ya nyumba nzima. Hapo utaelewa kwa nini wenye sola ndogo hunyoosha nguo kwa mkaa.

Paneli ya kweli ya wati 100, siku ya jua zuri, hutoa kama wati-saa 300 baada ya kupoteza kidogo njiani. Inatosha hesabu yetu. Siku ya mawingu hutoa nusu au pungufu ya hapo, nasi tuna mvua tangu Oktoba hadi Mei.

Pili, futi. Saa sita mchana, mita moja ya mraba hupokea wati zipatazo 1000 za jua, na paneli nzuri ya siku hizi hugeuza sehemu moja tu ya tano kuwa umeme. Hivyo basi, paneli ya wati 100 haina budi kuwa na ukubwa wa nusu mita ya mraba, mfano mita 1 kwa sentimeta 50. Ukikuta ina sentimeta 60 kwa 40, hata kama imeandikwa 100, hiyo ni ya wati 50 hivi. Wala usidanganywe na muuzaji anayekuonyesha volti 21 kwenye kipimo. Volti hizo hata paneli ndogo inazo. Mwambie apime ampea juani: ya wati 100 inayochaji betri ya volti 12 hutoa ampea 5 au zaidi kidogo wakati wa adhuhuri.

Tatu, mizani. Betri ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ikiwa kilo 15, risasi iliyomo ni pungufu na maandishi ni ya uongo. Betri za lithiamu ndizo nyepesi kihalali, lakini bei yake iko juu. Kumbuka pia kwamba betri ya risasi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu. Yetu ina wati-saa 1200, basi hesabu 600, yaani siku mbili za mvua. Anayeimaliza kila usiku huiua mapema. Kazi ya kontrola ni kuikinga, kwa hiyo usikubali kuunganishiwa paneli moja kwa moja kwenye betri.

Siku ya kufunga, simama na fundi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini, hata kama karatasi iliyokuja na mzigo inasema kusini. Iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi, na iachiwe nafasi juu ya bati ipate hewa, kwani joto hupunguza umeme. Kivuli cha mgomba kikiangukia kona moja tu, umeme hupungua sana. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu na betri. Kwenye kontrola huunganishwa betri kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Betri ya risasi isiwekwe chumba cha kulala, maana ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, pimeni mzigo huko mnakoununua kabla ya kuuvusha. Mteja aliyerejea hana fedha ya kununua mara mbili. Ukimuuzia wati 50 kwa bei ya 100, hatakushtaki popote, ila kilima kizima kitajua jina lako. Muuzaji anayeweka futi na mizani mezani, akaandika risiti yenye wati na tarehe, atapata wateja kutoka kilima hicho hicho miaka mingi.