Mishipa ya ubongo wako huenda si kama ya jirani

Iwapo umewahi kupigwa picha ya kichwa hospitalini, huenda uliambiwa kwamba mshipa fulani wa damu katika ubongo wako ni mwembamba kuliko wenzake, au haupo kabisa. Wengi hurudi nyumbani wakiwa wamefadhaika, wakidhani wana ugonjwa wa ajabu. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzani wa mwili wako, lakini huchukua asilimia 15 hadi 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne mikubwa. Miwili hupita mbele ya shingo, na waweza kuihisi ikipiga ukigusa kando ya koo. Miwili mingine hupenya kwenye mifupa ya uti wa shingo. Chini ya ubongo mishipa hii huunganishwa na mingine midogo, ikafanya duara.

Duara hilo lilielezwa kwa kina mwaka wa 1664 na daktari Mwingereza, Thomas Willis, na hadi leo huitwa duara la Willis. Baadhi ya michoro ya kitabu chake ilifanywa na Christopher Wren, yule yule aliyebuni Kanisa Kuu la St Paul's jijini London. Faida ya duara ni kwamba bomba moja likiziba, damu yaweza kuzungukia upande wa pili.

Hata hivyo, mchoro huo mzuri wa vitabuni hauko vichwani mwa wengi wetu. Chunguzi nyingi zimeonyesha kwamba walio na duara kamili hawafiki nusu ya watu. Wengine sehemu ya nyuma ya ubongo wao hulishwa na mishipa ya mbele, kama ilivyokuwa wakiwa tumboni mwa mama. Wachache zaidi, chini ya mmoja katika kila watu mia, wamebakiwa na mshipa ambao kwa kawaida hutoweka kabla ya mtoto kuzaliwa. Watu hawa huishi na kuzeeka bila kujua lolote. Tofauti hizo hujitokeza daktari anapotaka kupasua, au mshipa mkubwa unapoziba na damu ikakosa njia ya kuzungukia.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo inafaa uijue. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu mbili zinazoitwa thalamasi, moja kila upande, ambazo miongoni mwa kazi zake ni kutuweka macho. Kwa kawaida kila moja hupata damu kutoka upande wake. Lakini kuna watu ambao mshipa mmoja mwembamba hugawanyika na kulisha zote mbili. Mshipa huu hujulikana kwa jina la Mfaransa Gérard Percheron, aliyeueleza katika miaka ya 1970. Ukizibwa na damu iliyoganda, pande zote mbili huathirika kwa pamoja.

Kiharusi hiki hakifanani na kile tulichozoea. Huenda mdomo usipinde wala mkono usilegee. Mgonjwa hulala tu. Ukimwamsha atajibu neno moja au mawili, kisha arudi usingizini. Akiamka huenda akawa amechanganyikiwa, hakumbuki mambo, au macho yake yakashindwa kutazama juu au chini. Jamaa husema amelewa, amechoka, au amerogwa. Daktari naye lazima apime sukari, malaria na sumu, na hapo hakosei. Tatizo ni kwamba picha ya kwanza ya CT mara nyingi haionyeshi chochote, na huenda ikabidi kutumia mashine ya MRI.

Kwa hivyo, mtu wa kwenu akishikwa ghafla na usingizi usioeleweka, usimfunike blanketi ungoje asubuhi. Mkimbize hospitalini. Mweleze daktari kama ana shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Zaidi ya yote, mtajie saa mliyomwona akiwa mzima kwa mara ya mwisho, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na hesabu huanzia hapo, si mlipofika kwenye lango la hospitali.