Ziwa Linapanda kwa Kasi Gani?

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia katika nyumba za Kalemie, mji wa Kongo ulio ufukweni, kama yalivyofanya mwaka 2021. Mwenye nyumba karibu na ufuko huuliza kwanza maji yamefika wapi. Hicho ni kimo. Lakini akitaka kujua kama ahame leo au wiki ijayo, lazima aulize pia: sasa hivi yanapanda kwa kasi gani? Swali hili la pili ndilo wanafunzi wa sekondari wa Kongo hulisoma kwa Kifaransa kwa jina la dérivée, na wengi hukariri kanuni zake bila kuliona ziwa ndani yake.

Tuanze na wastani. Kizuizi cha udongo na mimea kilipobomoka kwenye Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, ambao huanzia hapo hapo Kalemie, ziwa lilishuka takriban mita 10 kati ya 1878 na 1894. Gawanya kwa miaka 16, upate kama sentimita 60 kwa mwaka. Hata hivyo mvuvi hajui kutokana na namba hiyo mwezi wowote ulikuwaje, maana maji hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi.

Dawa ni kufupisha muda. Tuseme, kwa mfano tu, baada ya wiki t maji yamepanda sentimita t². Kutoka wiki ya 3 hadi ya 4 yanatoka 9 kufika 16: kasi ni 7 kwa wiki. Ishia wiki ya 3.1: ongezeko la 0.61 ukiligawanya kwa 0.1 ni 6.1. Ishia 3.01, utapata 6.01. Hatugawanyi kwa sifuri kamwe; tunatazama majibu yanaelekea wapi. Yanaelekea 6, nayo ndiyo kasi ya papo hapo. Kwa t yoyote, ni 2t.

Hapa wengi hujikwaa. Karibu na Mei ziwa hufika kilele cha mwaka. Siku hiyo maji yako juu kabisa, na kasi yake ni sifuri. Karibu na Novemba sifuri hurudi, maji yakiwa chini kabisa. Basi ukisikia kasi imeshuka kutoka sentimita 6 hadi 2 kwa wiki, usirudishe godoro nyumbani: maji bado yanapanda.

Walimu wa hesabu wa Kalemie, simikeni ufukweni mti wenye alama za sentimita. Wanafunzi waandike kimo kila asubuhi na kutoa cha jana. Kanuni zitafuata.